Shingo Yangu na Pepo Wako, Mama

Mpendwa mama,

Shikamoo huko uliko. Nimekuja na maneno mengi, na unavyonijua, mimi maneno sikuanza leo. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie, ingawa wajukuu zako wanaojua kuandika wamejaa nyumba nzima. Kalamu nimeizungushia kitambaa mpaka ikanenepa kama muhogo, kwa sababu kalamu nyembamba vidole vyangu haviijui tena. Herufi zinakwenda upogo. Anayetaka kucheka acheke. Mimi nilifika darasa la nne wakati ambao humu Majengo msichana wa darasa la pili aliitwa msomi.

Kwanza nikupe habari za kujivunia, ndipo nipate nguvu ya kusema zile nyingine. Rukia, binti yangu mkubwa, ambaye hukujaaliwa kumwona, anapiga taipu mjini, ghorofani, kwenye ofisi yenye zulia. Vidole vyake vikishuka kwenye mashine ni mvua juu ya mabati. Na amepata kiwanja Dandora, kule kwenye mitaa mipya ambako mtu anapewa ardhi yenye bomba na choo, vyumba anajijengea mwenyewe. Binti, mama! Binti aliyezaliwa kwenye chumba kimoja cha udongo! Nimeitangazia Pumwani nzima, na wale waliojifanya hawakusikia nikawarudia. Baba Rukia naye yupo, na cherehani yake barazani, na ukimya wake uleule. Ulikuwa ukisema mwanamume asiye na maneno mengi ni akiba. Ulisema kweli.

Haya. Sasa lile jingine.

Mama, nimeugua ugonjwa wako. Au niseme vizuri: nimeugua ugonjwa ambao kila mtu alisema ni wako, kwamba wewe ndiye uliyenitumia. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine. Na naandika wazi, kila mwenye macho asome, maana waliolisema neno hilo hawakulisema kwa kunong'ona.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuchora hina? Ulinikalisha mkekani, ukanishika kifundo cha mkono, kijiti kikiwa kati ya vidole vyangu, ukaniambia, "Usiikimbilie ngozi. Ingoje ikuite." Nilikuwa sijaota hata chunusi. Ulipoondoka duniani niliubeba ujuzi ule, nikaukuza, na bila kujisifu, mama, au tuseme kwa kujisifu kidogo tu, hapakuwa na bi harusi aliyetoka ndani Majengo bila mkono wangu. Hata kutoka Eastleigh walikuja watu wenye magari yao kunifuata. Nilichora maua madogo kama punje ya mchele, na katikati ya kila ua nikatia nukta.

Basi ilikuwa harusi ya binti wa Bi Mwanahamisi. Unamkumbuka Mwanahamisi, yule niliyekuwa nikicheza naye kibe utotoni nyuma ya msikiti, mpaka leo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wanawake wamejaa chumbani, ubani unafuka, nyimbo zinaimbwa, mimi nimeinamia mkono wa mtoto nachora. Kijiti kikaanguka. Nikakiokota. Kikaanguka tena. Nikajikaza nikachora, na mstari ukaenda unapotaka wenyewe.

Bi harusi akauangalia mkono wake. "Shangazi, hapa umenichorea ua au mdudu?"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka kuwazidi. Nikasema hina imekuwa nzito. Lakini hina haikuwa nzito, mama. Ni vidole. Vilikuwa kama nimevivalisha soksi. Nilikishika kijiti lakini sikukisikia.

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kuogopa, ila sikujua naogopa nini.

Baadaye vikaja vikombe. Naosha kikombe, kinaniponyoka. Nampa mtu chai, kisahani kinatetemeka kama kuna tetemeko la ardhi. Baba Rukia alinyanyua macho kutoka kwenye cherehani akaniambia, "Mama Rukia, kama unataka vyombo vipya sema tu, usivimalize hivi vya zamani kwanza." Nikamjibu kwamba mume wa maana angekuwa ameshavinunua. Tukacheka. Halafu vikaja vifungo. Vifungo vya gauni, mama, vitu nilivyokuwa navifunga huku nampigia kelele mtoto na kukoroga uji kwa mkono mwingine. Nilisimama mbele ya kioo nikihangaika na kifungo kimoja mpaka jasho likanitoka, nikaliacha gauni wazi nikajitupia kanga juu. Baba Rukia aliona. Siku chache baadaye nikakuta magauni yangu yote ameyatoa vifungo, akayatia mpira shingoni na kiunoni. Niliingia ndani nikalia.

Ndipo miguu nayo ikaanza. Haikuuma. Laiti ingeuma! Kitu kikiuma unajua kipo. Hii ilikuwa mizito na migumu, kama nimevaa gambuti zilizojaa maji. Nikitembea kwenye kichochoro nashika ukuta huu, nashika ukuta ule. Nikivuka mfereji naangalia mguu wangu kwa macho kujua umefika wapi. Shingo ilikuwa imekaza pia, lakini nani anaijali shingo? Mwanamke gani wa Majengo aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni ambaye shingo yake haijakaza?

Watoto wa mtaani walikuwa wa kwanza kulisema. Natoka Gikomba na kikapu changu, mmoja akapiga mluzi: "Cheki mathe! Mathe amelewa chakari!" Wenzake wakaniigiza, wakipepesuka ukuta kwa ukuta. Mimi, mama! Mimi ambaye harufu ya busaa ikipita mlangoni nafukiza ubani!

Na Bi Mwanahamisi akaja. Akaketi, akakataa chai, nikajua kuna neno.

"Mama Rukia, mimi na wewe ni zaidi ya ndugu. Niambie ukweli. Unaonja?"

"Naonja nini?"

"Kile kitu."

"Kitu gani, Mwanahamisi? Chumvi?"

"Usinifanyie mzaha. Kule bombani wanasema unakunywa. Wengine wanasema unakunywa ile kali."

Nikamwambia asogee aninuse mdomoni. Nikampumulia usoni kama mtoto. Akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu kicheko changu kikageuka, nikawa nalia mbele yake, na ndipo nikamtolea lile nililokuwa nimelificha hata kwa mume wangu. Nikamwambia kwamba nikiswali, nikiinama, kidevu kikigusa kifua, kitu kinanipiga. Kama umeme. Kinaanzia hapa kisogoni, kinateremka uti wa mgongo mzima, kinatokea kwenye miguu, halafu kinazimika. Kila rakaa. Mpaka nikawa naiogopa swala yangu mwenyewe, nainama kidogo tu, Mungu anisamehe, kama mtu anayemwamkia jirani asiyempenda.

Uso wa Mwanahamisi ukabadilika. Akasema polepole, "Mama yako alianza hivihivi."

Mama, nilijua. Nadhani nilikuwa najua tangu kile kijiti kilipoanguka. Maana nilikuwapo. Niliviona vyombo vyako vikivunjika. Nilikuona ukishika kuta. Nilikuwa binti wa miaka ya kuvaa baibui la kwanza walipokupigia ngoma ya pepo pale uani, wakakufunika shuka nyekundu, wakakutikisa kichwa, na pepo akasema kwa mdomo wako kwamba anataka pete na halua na uturi. Vilinunuliwa vyote. Halua nilikwenda kuinunua mimi. Na baada ya hapo hukutembea tena.

Kuna alasiri moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Ulikuwa umelala kitandani kwako, jua limeingia mlangoni, ukaniambia, "Mwanangu, nikande miguu." Nikakaa pembeni, nikapaka mafuta ya nazi, nikakukanda nyayo, nikakukanda vifundo, nikapanda mpaka magotini. Nilikukanda kwa nguvu zangu zote. Ukangoja, ukaniambia kwa upole, "Basi anza, mwanangu." Nikasema, "Mama, ninaikanda." Ukanyanyua kichwa ukaangalia, ukaiona mikono yangu juu ya miguu yako. Ukageuza uso ukutani.

Uso ule, mama. Nimeishi nao. Nimezaa watoto nao, nimecheza harusi nao. Na sasa Mwanahamisi ananiambia kwamba ni zamu yangu.

Fundi wa pepo alikuja na mkoba wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume. Sikumwita mimi, lakini mlango sikuufunga. Akanishika kidole gumba, akafumba macho, akasema, "Huyu si mgeni. Huyu ni wa mama yako. Alipokufa hakuna aliyempa kiti kingine, mtu wa kumpanda. Amezunguka miaka yote hii na sasa amekuja kwa mwanawe kudai." Wanawake waliomleta wakaitikia wote, eee. Kila mtu humu anajua kwamba pepo hurithiwa kama pua na kama rangi. Na mimi, nisikufiche, niliamini. Niliogopa miguu kufa, lakini tangu siku ile niliogopa kitu kibaya zaidi. Nilikuogopa wewe. Nikisikia mtu anakutaja nywele zinanisimama. Nikipita njia ya Kariokor nilivuka upande wa pili ili nisiukaribie ukuta wa makaburi, nikiburuta mguu wangu kama mwizi aliyepigwa. Wewe uliyeninyonyesha! Nilikuomba kwa jina, nikasema mama niachie, una nini na mimi, nimekukosea nini, mbona nilikukanda?

Wakanipigia ngoma. Uani palepale, ila sasa pamewekwa sakafu ya saruji. Wakanikalisha kwenye kigoda, wakanifunika, moshi wa ubani ukanijaa puani, ngoma zikaanza taratibu kisha zikachanganya, na mikono miwili ikanishika kichwa ikanitikisa mbele, nyuma, mbele, nyuma. Na kila kichwa kilipokwenda mbele umeme ule ukanipiga. Si kama wa swala. Huu ulinichana. Nikapiga ukelele, mikono ikaruka yenyewe hewani, na wanawake wakapiga vigelegele: "Amepanda! Huyo amepanda!" Fundi akainama kwenye sikio langu, "Sema jina lako! Unataka nini?" Mama, sikuwa na pepo wa kusema. Nilikuwa mimi mwenyewe chini ya shuka ile, nasema niacheni shingo, niacheni shingo, na ngoma zikanifunika sauti. Wakazidi kutikisa, maana walikuwa wakinipenda. Hilo ndilo gumu. Hakuna aliyekuwa pale kwa ubaya. Walikuwa wakinitoa kwenye mauti kwa namna wanayoijua, na walikuwa wakinisukuma ndani yake.

Waliponifunua nikataka kusimama. Miguu haikuja.

Rukia alifika kutoka kazini na viatu vyake vya visigino, akapita katikati ya ngoma na sahani za halua, akaniona nimeketi kwenye saruji. Binti huyu hajawahi kupaza sauti mbele ya wakubwa, nimemlea mimi. Siku ile alipaza.

"Nani amemfanya mama hivi?"

Bi Mwanahamisi akasema, "Polepole, mwanangu, pepo ndiyo kwanza amepanda."

"Basi atapanda gari na yeye. Twende hospitali wote watatu, mimi, mama na huyo pepo."

Mama, ungemwona! Nilikuwa nakufa kwa hofu na bado nikajisemea moyoni, huyo ndiye niliyemzaa mimi.

Daktari alikuwa kijana, mtoto wa watu, mwenye adabu. Aliniita mama. Alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira, mguu ukaruka kama wa jogoo aliyechinjwa. Alinikwaruza unyayo kwa ufunguo wake, kidole gumba cha mguu kikapanda juu chenyewe. Alinipigapiga ukucha wa kidole cha kati, na kidole gumba cha mkono kikajikunja bila ruhusa yangu. Kila kilipofanya hivyo aliandika, na kila alipoandika moyo wangu ulishuka. Kisha akasema, "Mama, inamisha kichwa pole pole, kidevu kiende kifuani. Usilazimishe." Nikainama. Akauliza, "Unasikia kitu kama stima kinateremka mgongoni?"

Nilimkodolea macho. Nikamuuliza, "Nani amekuambia?" Nilidhani Rukia amemsimulia. Rukia hakuwa akijua.

Akasema, "Hakuna aliyeniambia. Ni shingo yako inayosema."

Wakanidunga sindano mgongoni, wakaingiza dawa, wakanilaza juu ya meza inayoinamishwa, kichwa chini miguu juu, wakaipiga dawa ile picha inavyotembea. Daktari akaibandika picha kwenye taa, akatuonyesha. Dawa ilikuwa mstari mweupe unaopanda vizuri, halafu shingoni unakwama, unakuwa mwembamba kama uzi. Akaeleza kwamba mifupa ya shingo ikizeeka huota vinundu, na zile pedi laini zilizo kati yake huchakaa zikachomoza. Ndani ya mifupa hiyo, akasema, inapita kamba ya fahamu, ile inayopeleka amri kwenye mikono na miguu. Yangu imebanwa. Kama mpira wa maji uliokanyagwa na gurudumu. Vidole, vifungo, vikombe, kuyumba, umeme, vyote ni kamba ile inalia.

Rukia akamuuliza kuhusu ngoma na kutikiswa. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama yenu ana bahati kwamba bado anaongea na mimi hapa."

Ungefikiri nilifurahi. Sikufurahi. Pepo anaweza kubembelezwa kwa halua. Mfupa unaubembeleza kwa kitu gani? Akasema dawa ya kumeza hakuna. Watanipasua nyuma ya shingo, waondoe vipande vya mfupa ili kamba ipate nafasi. Nikamuuliza, nitachora tena? Nitatembea? Akanijibu kwa ukweli unaonifanya nimheshimu mpaka leo. "Mama, nafanya hivi ili isizidi. Kilichokwisha kuharibika huenda kikarudi nusu, huenda kisirudi. Na nisikufiche, kuna wanaoamka wakiwa vibaya kuliko walivyolala. Lakini tukikuacha, naijua njia unayoiendea."

Na mimi niliijua kuliko yeye. Nilikuwa nimeikanda kwa mafuta ya nazi.

Bi Mwanahamisi alikuja wodini na chupa ya chai ya tangawizi. Akasema nikikatwa pale alipokaa pepo, atakasirika, atanichukua mezani. Baba Rukia alikuwa kwenye kiti, kofia magotini. Mtu yule ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kibweta, akafungua mdomo. "Bi Mwanahamisi, mke wangu akifa mezani nitasema amekufa akitibiwa. Akifa uani, nitasema nini?" Kisha akanigeukia. "Lakini shingo ni yako, Mama Rukia. Mimi nitashona chochote utakachohitaji."

Niliweka dole kwenye karatasi yao ya ruhusa, maana sahihi yangu ilikuwa imeshakimbia. Asubuhi waliponinyoa nywele za kisogoni nilitetemeka mpaka nesi akanishika mabega. Nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua na kuzichanganya. Na wakati wananisukuma kwenye kile kitanda cha magurudumu, taa za darini zinapita juu yangu moja baada ya nyingine, nilikuwa nakuona wewe, uso umegeukia ukutani. Nikasema, mama, kama ni wewe, nichukue haraka, usinilaze. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya mwisho kabla ya usingizi.

Nilipoamka sikujua niko wapi. Koo limekauka, shingo imefungwa kama gogo. Sikuthubutu kujaribu mguu. Nililala tu na macho nimeyafumba, maana mradi sijajaribu bado ulikuwa mzima. Sauti ya kike ikasema, "Mama, chezesha vidole vya miguu." Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Nikajifanya nimelala. Akacheka yule nesi, akasema, "Mama, nakuona unabana macho." Kisha akanishika kidole cha mguu na kukivuta kidogo, na mama, nikakisikia. Nikasikia kidole chake. Kilikuwa cha baridi.

Wasikudanganye watu wanaosema mtu hupasuliwa akapona. Hupasuliwa, ndipo kazi inaanza. Walinivalisha kola ngumu shingoni, nikawa nageuka mwili mzima kama kabati. Walinisimamisha kati ya vyuma viwili na kunifundisha kutembea, mimi uliyenifundisha wewe mwendo wa ngoma ya lelemama! Miguu ilitetemeka yenyewe kama cherehani. Msichana wa mazoezi alinipa bakuli la maharagwe niyahamishe moja moja kwenda bakuli jingine, na nikiangusha naokota. Nililia juu ya maharagwe yale kuliko nilivyolia kwenye misiba. Lakini jua kwamba katika wodi nzima hakuna aliyehamisha kwa kasi kama yangu, muulize yeyote.

Sasa niko nyumbani. Natembea na mkongojo, polepole, kwenye sehemu iliyo sawa. Swala naswali kwenye kiti. Kikombe nashika kwa mikono miwili. Hina sichori, na daktari amesema huenda ndiyo basi. Mkono wa kulia umerudi kiasi, wa kushoto bado umevaa soksi yake. Bombani hawaniulizi tena kama nimelewa, wananiuliza kama ni kweli kichwa kilitolewa kikarudishwa. Nawaambia ndiyo, na wakati kimetolewa nilikiona kilivyo kizuri.

Lakini kwako sitajifanya shujaa. Naogopa, mama. Kila nikijikwaa nasimama nasikiliza: ni jiwe, au imeanza tena? Mguu ukifa ganzi kwa kukalia vibaya, moyo unanipiga mpaka damu irudi. Daktari anasema mifupa mingine ya shingo nayo inazeeka, atanitazama tena na tena. Rukia akisugua shingo yake baada ya siku nzima ya taipu, mimi naacha kula. Hofu ninayo, nakula nayo, naamka nayo.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuonwa nilimuuliza daktari kuhusu wewe. Nikamsimulia vyombo, na kuta, na ile alasiri ya miguu. Alinisikiliza hadi mwisho, foleni nje ikinung'unika. Akasema, "Mama, siwezi kumpima mtu ambaye sikumwona. Huenda ulikuwa ugonjwa huu, huenda ulikuwa mwingine. Ila nikisikia hivi, kama angekuja kwangu, shingo ndiyo ningeianza."

Basi. Kwa neno hilo nilitoka nje, nikamwambia Baba Rukia tusirudi nyumbani moja kwa moja. Akanishika mkono, tukaenda Kariokor pole pole. Nilikusomea fatiha nikiwa nimesimama, maana kuinama siwezi. Nyasi zimeota juu yako, mama. Hukuwa na pepo wa kunirithisha. Ulikuwa mwanamke aliyekuwa akiumwa, na hakuna aliyeinamisha kichwa chako taratibu akakuuliza unasikia nini.

Nililia pale mpaka Baba Rukia akanipa kofia yake nijifutie.

Lala salama, mama yangu. Usiniombee ushujaa, niombee miguu. Hofu yangu bado ninayo, ila haina jina lako tena.

Ni mimi, binti yako uliyemfundisha hina,
Mama Rukia